Dhahabu tatu za dunia akiwa na miaka 16, kwa nini ngazi iliyofuata ilichukua muda? Tumjadili Stavroula Tsolakidou

#1 Mnazi wa Tanga
Wakuu, salaam. Nafuatilia sataranji ya vijana, na kuna mchezaji ambaye kila nikiangalia rekodi yake nakuta swali halijajibiwa. Stavroula Tsolakidou, Mgiriki, amezaliwa mwaka 2000 mjini Kavala. Bingwa wa dunia wa wasichana U14 (chini ya miaka 14) mwaka 2013 kule Al Ain, Falme za Kiarabu. Bingwa U16 mwaka 2015 Porto Carras, nyumbani kwao. Bingwa U18 mwaka 2016 Khanty-Mansiysk, Urusi. Makundi matatu tofauti, yote dhahabu.

Sasa, alipofika miaka 20 alikuwa bado hajawa grandmasta kamili (GM), cheo cha juu kabisa cha sataranji. Hou Yifan wa China alikuwa GM mwaka 2008 akiwa na miaka 14, na bingwa wa dunia wa wanawake akiwa na 16. Simshushi huyu dada, mchezo wake naupenda mno. Hoja yangu ni kwamba mashindano ya dunia ya vijana, hasa kundi la wasichana, yanatoa medali nyingi kuliko yanavyomkomaza mchezaji. Mwenye hoja ya kunipinga karibu.

#2 FarasiPori
Umeanza vibaya mkuu. Kumpima mtu kwa Hou Yifan ni kumwonea. Wanawake wenye cheo cha GM kamili duniani kote ni wachache mno, na wengi wao walikifikia wakiwa wamevuka miaka 20. Kama unataka kujua kundi la wasichana linachelewesha au halicheleweshi, mtazame Judit Polgár wa Hungary, ambaye hakuwahi kucheza mashindano ya wanawake hata mara moja, na alikuwa GM akiwa na miaka 15.

#3 Hesabu Tu
Mleta uzi umetaja miaka ukaruka jambo zito kuliko yote. Fanyeni hesabu.

Amezaliwa 2000. Mwaka 2013 kundi la U14 lilikuwa la waliozaliwa 1999 na baada ya hapo, kwa hiyo alishinda akiwa na wakubwa zake wa mwaka mmoja. 2015, U16, ni waliozaliwa kuanzia 1999, hali ileile. Halafu 2016. Mwaka huo bado alikuwa na haki ya kucheza U16 kwa sababu kundi lile lilikuwa la 2000 na kuendelea. Angeweza kwenda kutetea ubingwa wake dhidi ya wenzake na wadogo zake. Badala yake akaingia U18, kwa waliozaliwa 1998, akachukua.

Yaani kila mara alikuwa mdogo ndani ya kundi lake, na mara ya mwisho alijipandisha mwenyewe. Huyo si mtu wa kuokota medali rahisi.

#4 Ngome ya Kale
FarasiPori ndugu yangu, hilo la Judit si kweli. Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya timu za taifa, ya mwaka 1988 ilichezwa Thessaloniki, Ugiriki hiyohiyo tunayoizungumza. Hungary walipeleka timu ya wanawake: dada watatu wa Polgár pamoja na Ildikó Mádl. Judit alikuwa na miaka 12, akapata pointi 12 na nusu katika michezo 13, na Hungary wakachukua dhahabu mbele ya Wasovieti. Mwaka 1990 Novi Sad wakarudia. Alichokataa ni kuwania taji la dunia la wanawake, na baada ya hapo akakaa na wanaume moja kwa moja.

Ila mzizi wa hoja yako nakubaliana nao. Baba yao alikuwa na msimamo tangu watoto wakiwa wadogo kwamba binti zake watakaa mbele ya mpinzani mgumu anayepatikana, awe nani.

#5 FarasiPori
Sawa Ngome, shukrani. Lakini umeniongezea nguvu: waliicheza ya wanawake kama timu ya taifa, maisha yao ya kila wiki yakawa kundi la wazi, la wanaume na wanawake pamoja.

#6 Mama wa Malkia
Mimi nazungumza kama mzazi, niko Nairobi. Binti yangu alikuwa anashinda makundi ya wasichana ya shule bila jasho. Vikombe vimejaa kabatini. Mwalimu mmoja akaniambia nimwingize kundi la wazi, nikamwingiza. Akapigwa raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alilia kwenye gari mpaka nikataka kumtoa. Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonishangaza: alianza kuandika michezo yake aliyoshindwa kwenye daftari na kuirudia usiku. Alipokuwa anashinda hakuwahi kuirudia hata mmoja.

Kwa hiyo mleta uzi sikupingi. Ila pia nina rafiki ambaye binti yake alipigwa hivyohivyo, akaacha mchezo kabisa, hataki kuiona hata bodi. Kwake kundi la wasichana ndilo lingemweka. Watoto hawafanani.

#7 Mzee wa Dro
Medali ya utotoni isipewe uzito inaobebeshwa hapa, iwe ya wasichana au ya wavulana. Mwaka 2002 mashindano ya dunia ya vijana yalikuwa Heraklion, kisiwa cha Krete. Bingwa wa U12 upande wa wazi alikuwa Ian Nepomniachtchi. Wa pili, walifungana pointi akapitwa kwa kigezo cha kuvunja sare, ni Magnus Carlsen. Miaka 19 baadaye wakakutana Dubai kugombea taji la dunia na Carlsen akashinda 7.5 kwa 3.5. Dhahabu ya Heraklion ilikuwa na nani? Na ubingwa wa dunia ulikaa na nani?

#8 Mnazi wa Tanga
Mzee wa Dro, mfano wako unasema wawili wa juu utotoni ndio walewale waliokuja kugombea taji la wakubwa. Hapo medali ilitabiri vizuri sana!

#9 Mzee wa Dro
Ilitabiri kwamba watafika. Haikutabiri nani atatangulia na kwa kasi gani. Wewe unalalamikia kasi.

#10 Mbongo wa Kypseli
Naishi Athens miaka mingi, niruhusuni niwape hali ya huku maana naona mnazungumza kama vile alikuwa anacheza hewani.

Huyu binti amekua ndani ya miaka mibaya kuliko yote ambayo Wagiriki wa rika lake waliiona. Mkopo wa kuiokoa nchi ulianza 2010, yeye ana miaka 10. Mishahara ikakatwa, pensheni zikakatwa. Majira ya joto ya 2015 benki zilifungwa wiki tatu, na kwenye mashine ulikuwa unatoa yuro 60 kwa siku, foleni mpaka barabarani. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, yeye anashinda U16 pale Porto Carras. Sataranji ya kiwango cha juu ni pesa: kocha, tiketi, hoteli, ada za mashindano, kompyuta nzuri. Mzazi wa Kigiriki wa miaka ile alikuwa anachagua alipe nini.

Halafu kuna Panellinies, mitihani ya taifa ya kuingia chuo kikuu. Huku mtoto wa miaka 17 anatoka shule mchana, jioni yuko frontistirio, yaani tuisheni ya kulipia, hadi usiku. Nyumba nzima inaongea chini chini. Mwanafunzi wa namna hiyo hana nafasi ya kuzunguka Ulaya kutafuta cheo. Dhahabu ya U18 ni ya 2016, na umri wa mitihani unafuata palepale. Kwangu mimi jibu liko hapo kuliko kwenye makundi ya wasichana.

Na Kavala si Athens. Iko kaskazini kabisa, Thessaloniki iko kama kilomita 150 hivi kwa basi, Athens ni safari ya kutwa.

#11 Mwinjilisti Sospeter
Kavala ndiyo Neapoli ya kwenye Biblia. Matendo 16:11, Paulo aling'oa nanga Troa, akapita Samothrake, kesho yake akafika Neapoli, ndipo akaingia Filipi. Nimefurahi kuona mji huo unatajwa kwenye uzi wa sataranji.

#12 Ngome ya Kale
Na ndiko alikozaliwa Muhammad Ali Pasha, yule aliyekuja kuitawala Misri. Nyumba yake ipo hadi leo, na sanamu yake akiwa juu ya farasi. Mji mdogo, watu wakubwa.

#13 Kijana wa Eldoret
Kumbe ni Makedonia? Sasa huyu dada ni Mgiriki au anatoka ile nchi ya Makedonia?

#14 Mbongo wa Kypseli
Mgiriki. Makedonia ni jimbo la kaskazini mwa Ugiriki, na Kavala imo humo. Nchi jirani tangu 2019 inaitwa Makedonia Kaskazini, baada ya mkataba wa Prespa. Ukija huku usichanganye hayo mawili mbele ya watu, utakosa chai.

#15 Babu Alikata Tumbaku
Kavala ulikuwa mji wa tumbaku, maghala yake ya zamani ndiyo majengo makubwa pale mjini. Sisi wa Iringa Wagiriki tunawajua kwa tumbaku hiyohiyo. Babu yangu alifanya kazi kwenye shamba la Mgiriki, alikuwa anatusimulia jinsi ya kupanga majani bandani. Sataranji hakuisema. Alisema walicheza karata.

#16 Mnazi wa Tanga
Wakuu turudi kwenye mada kabla uzi haujaenda kuvuna tumbaku. Mbongo wa Kypseli hoja yako ina uzito, ila wachezaji wa Armenia na Georgia nao walikua kwenye nchi zenye shida kubwa na wakatoa mabingwa. Umaskini peke yake hautoshi kueleza.

#17 Hesabu Tu
Nileteni kwenye eneo langu. Kuna sababu ambayo haimhusu kocha, pesa wala jinsia: ni namna reitingi, yaani pointi za kiwango cha mchezaji, inavyohesabiwa.

FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, wana kipimo wanachokiita K. Ukiwa chini ya miaka 18 na reitingi yako iko chini ya 2300, K ni 40. Ukimshinda mtu wa kiwango chako unapata pointi 20. Ukikua, K inakuwa 20, ushindi uleule unakupa 10. Ukigusa 2400, hata kama ni mara moja tu halafu ukaporomoka, K inashuka hadi 10 na haipandi tena. Ushindi uleule sasa ni pointi 5.

Kwa hiyo mtoto anahitaji ushindi wa ziada mara tano kupanda pointi 100. Mtu wa 2400 anahitaji mara ishirini kupanda pointi 100 zilezile hadi 2500, ambako ndiko kwenye cheo cha GM. Na juu ya reitingi kuna nomu: matokeo yenye kiwango cha 2600, yakusanye angalau michezo 27, huku theluthi ya wapinzani wako wakiwa GM. Tsolakidou 2400 ameivuka, IM (cheo kilicho chini ya GM) anayo, na WGM (GM ya wanawake) anayo. Kilichoonekana kama kusimama ni mteremko kugeuka mlima.

#18 Kijana wa Eldoret
Hesabu Tu hii umeeleza vizuri, hakuna aliyewahi kunifafanulia. Lakini Mchina na Mhindi nao wanahesabiwa kwa K hiyohiyo, sivyo?

#19 Hesabu Tu
Ndiyo, ni ileile kwa wote. Tofauti ni idadi ya michezo. Anayecheza michezo mingi kwa mwaka dhidi ya watu wenye nguvu anaumaliza mlima haraka. Anayecheza michache anapanda taratibu hata kama uwezo wao ni sawa.

#20 FarasiPori
Ambayo inaturudisha kwa Mbongo wa Kypseli: pesa na shule.

#21 Nalule K'la
Hujambo wote, nipo Kampala. Nimeona Khanty-Mansiysk imetajwa. Mji huohuo ndiko Phiona Mutesi wetu wa Katwe alikocheza Olimpiadi yake ya kwanza mwaka 2010, na mwaka 2012 kule Istanbul akapata WCM, cheo cha mwanzo cha wanawake. Miaka sita baada ya Phiona kukaa kwenye ukumbi wa mji ule wenye theluji, Tsolakidou akachukua dhahabu hapo.

Nalileta hili kwa sababu mnaposema Ugiriki ilikuwa na shida, mimi nafikiria mtoto aliyejifunzia mchezo kwenye banda la programu ya wamisionari, chakula kikiwa ndicho kilichomvuta. Ugumu una ngazi zake. Kavala kuna klabu, kuna mashindano ya kimataifa ya wazi kila kiangazi tangu miaka ya 1990, ma-GM wanakuja mlangoni kwako. Hiyo ni neema kubwa.

#22 Mzee wa Dro
Nalule, hakuna uzi wa sataranji humu ambao hujaufikisha Katwe. Tunakusubiri tu uzi ukifunguliwa.

#23 Nalule K'la
Na nitaufikisha kila mara mzee wangu, mpaka wasichana wetu wapate nauli ya kwenda.

#24 Bishara na Kete
Naunga mkono Nalule kuhusu neema ya Ugiriki. Watu wanaiita nchi ndogo kisataranji, mimi sikubali. Wameandaa Olimpiadi mbili, 1984 na 1988, zote Thessaloniki. Kotronias alikuwa GM wao wa kwanza mwaka 1990. Georgios Makropoulos alikaa kwenye uongozi wa FIDE miaka na miaka, akagombea urais Batumi mwaka 2018 akashindwa na Dvorkovich kwa kura 103 dhidi ya 78. Ubingwa wa Ulaya wa wanawake 2024 na 2025 ulichezwa Rhodes. Porto Carras na Krete zimepokea watoto wa dunia nzima mara nyingi. Anayekosa mashindano Ugiriki amekosa kwa kutaka.

#25 Mbongo wa Kypseli
Bishara, kuandaa mashindano ni hoteli za ufukweni kutafuta wageni baada ya kiangazi. Kumlea mchezaji ni jambo lingine kabisa. Hoteli inajaa, kocha wa binti wa Kavala halipwi na hoteli.

#26 Mwalimu wa Jioni
Nimekuwa nikisoma kimya. Nafundisha sataranji watoto baada ya shule hapa Arusha, niongeze upande wa ubaoni wenyewe, maana humu tumejadili benki na mitihani kuliko kete.

Mashindano ya dunia ya vijana ni raundi 11, takriban mchezo mmoja kwa siku. Mtoto anayeshinda huko ana sifa tatu: hachoki, anaona mbinu haraka, na hapotezi akili akishindwa mara moja. Mpinzani wako wa miaka 14, hata awe mzuri namna gani, kuna saa atakayoharibu. Ukimkaza vya kutosha ataacha farasi wake bila ulinzi, au ataingia mwisho wa mchezo asioujua. Bingwa wa vijana ni fundi wa kusubiri saa hiyo na kuitumia.

Sasa mpeleke kwa mtu wa 2500 mwenye miaka 40. Huyo haharibu. Amekariri ufunguzi mpaka hatua ya ishirini na kitu, akiona hatari anabadilishana malkia, na anajua kulinda ngome na askari mmoja dhidi ya wawili mpaka ukubali sare. Ile silaha iliyokupa dhahabu tatu haipati cha kukata. Lazima ujenge nyingine: ufunguzi mpana, subira, kubana nafasi ndogo saa tano mfululizo. Hiyo inachukua miaka, na katika miaka hiyo kwenye karatasi unaonekana umesimama. Hili nimeliona hata kwa vijana wangu wadogo wanapoanza kucheza na watu wazima, ingawa sisi viwango vyetu viko chini sana.

Kwa hiyo mleta uzi anaposema medali haikomazi, mimi nasema inakomaza kitu kimoja. Cha pili kinajengwa kwingine.

#27 Mama wa Malkia
Mwalimu ubarikiwe. Hii ya "haharibu" ndiyo binti yangu alikuwa anailalamikia, hakuwa na maneno yake.

#28 Pilau Njeri
Mbona hakuna aliyegusa korona? 2020 ndiyo mwaka aliotimiza 20. Olimpiadi ya Moscow ikaahirishwa, ikachezwa mtandaoni badala yake, mashindano ya ubaoni yakafutwa Ulaya nzima, na reitingi ya kawaida haipandi kwa michezo ya mtandaoni. Mleta uzi umechagua kumpima mtu kwenye mwaka ambao mlango ulikuwa umefungwa.

#29 Mnazi wa Tanga
Pilau, mlango ulifungwa kwa wote, na kuanzia 2016 hadi 2020 kulikuwa na miaka mizima iliyo wazi. Mwalimu wa Jioni amenipa cha kufikiri zaidi. Lakini ndilo nililosema: kama silaha ya pili inajengwa kwingine, kwa nini usianze kuijenga na miaka 12, kwenye kundi la wazi, badala ya kusubiri uwe na dhahabu tatu?

#30 Bishara na Kete
Kwa sababu Divya Deshmukh. Amepita kwenye makundi ya wasichana tangu mdogo, bingwa wa dunia wa wasichana U20 mwaka 2024, na Julai 2025 akashinda Kombe la Dunia la wanawake Batumi akimtoa Humpy Koneru fainali. Aliingia akiwa IM, akatoka GM kwa ushindi huo. Njia ya wasichana imemfikisha.

#31 FarasiPori
Divya ana India nyuma yake. Kila mji una kocha mwenye cheo, kampuni zinadhamini vijana, na kila wiki kuna mashindano ya wazi yamejaa watoto wenye njaa. Amecheza ya wazi kibao. Umeleta mfano unaothibitisha upande wetu.

#32 Bishara na Kete
Mfano wowote nikileta utasema unathibitisha upande wenu.

#33 Ngome ya Kale
Nawasihi mtazame michezo yake wenyewe, ipo yote mtandaoni bure. Mimi nimepitia ile ya Khanty-Mansiysk na ninachokiona ni mtu asiyeogopa wakubwa zake. Kwa nini aliruka U16? Huo uamuzi wa 2016 kwangu ni mkubwa kuliko medali yenyewe. Wengi wangebaki wakusanye dhahabu nyingine ya umri wao.

#34 Hesabu Tu
Ndicho nilichosema tangu #3.

#35 Kijana wa Eldoret
Wakuu nina swali la kweli sasa. Dada yangu mdogo ana miaka 11, Disemba kuna mashindano ya shule za kaunti. Ameshinda kundi la wasichana U12 mara mbili. Mwalimu wake anataka arudi hukohuko alete kombe shuleni. Mimi baada ya kusoma huu uzi nataka aingie la wazi. Baba anasema tumwulize mwenyewe. Mnanishauri nini?

#36 Mama wa Malkia
Baba yenu ana busara. Mwulizeni. Akisema la wazi, kaa naye karibu raundi tatu za mwanzo, na uende na daftari.

#37 Mwalimu wa Jioni
La wazi, ila mmoja wenu awepo ukumbini. Na michezo yote aiandike kwenye karatasi, hata ile ya haraka akikumbuka. Ukipenda niletee hapa tuiangalie.

#38 Mzee wa Dro
Mimi ningemrudisha kwa wasichana mwaka huu, lakini kundi la U16. Kama alivyofanya yule wa Kavala.

#39 FarasiPori
Hapana mzee. U16 ya kaunti haina nguvu kuliko U12 ya wazi, nimezisimamia zote mbili. Kijana, weka hapa majina ya shule zilizosajiliwa bila majina ya watoto, nikuambie kundi lipi lina ushindani.